Lenzi Inayolala Jichoni: Historia Yake na Macho ya Watu wa Homa Bay na Migori

Lenzi za uvaaji mfululizo ni aina ya lenzi mguso, yaani lenzi nyembamba zinazokaa juu ya jicho lenyewe badala ya kuwekwa puani kama miwani, ambazo zilibuniwa ili mwenye kuzivaa alale nazo na kuamka nazo kwa siku kadhaa, na kwa aina nyingine kwa mwezi mzima, bila kuzivua. Historia yake husimuliwa kwa kawaida kama habari ya maabara za Ulaya, Marekani na Australia. Ikisomwa kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori ambazo sensa ya 2019 ilizihesabia wakazi 1,131,950 na 1,116,436 mtawalia, historia hiyo huonekana kwa sura nyingine, kwa kuwa mahitaji yaliyosababisha lenzi hizo zibuniwe yalikuwapo hapa pia, tena kwa wingi, ilhali mambo yanayoifanya hatari yake ivumilike kwingineko, yaani maji safi, dawa iliyo karibu na daktari anayefikika siku hiyo hiyo, hayakuwapo kwa kiasi kile kile.

Ili hoja hiyo ieleweke ni lazima kwanza ijulikane konea ni nini. Konea ni ukuta wa mbele wa jicho, usio na rangi, unaofunika sehemu nyeusi na kuupinda mwanga unaoingia ili uangukie retina, utando wa nyuma unaoipokea picha. Uwazi wake hutegemea kutokuwa na mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo konea hupata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi muda wote macho yanapokuwa wazi. Mtu anapolala, hubaki na oksijeni kidogo inayotoka katika mishipa ya upande wa ndani wa ukope, ambayo ni takriban theluthi moja tu ya ile ya mchana, na ndiyo maana hata konea yenye afya huamka ikiwa imevimba kwa asilimia tatu au nne, uvimbe unaotoweka wenyewe baada ya muda mfupi. Machozi nayo hubadilika usiku, kwa maana hayatiririki wala hayasukumwi na kupepesa kwa kope, na chembe za kinga za mwili hujikusanya ndani yake. Kitu chochote kinachowekwa kati ya ukope na konea kwa saa zote za usingizi huzuia sehemu ya oksijeni hiyo chache na kuyatuamisha machozi yaliyo chini yake. Tatizo la kwanza wanasayansi walikuja kulimudu, la pili halijamudiwa hadi leo.

Lenzi za kwanza zilizovaliwa na watu zilitengenezwa kwa kioo. Adolf Eugen Fick, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zurich, alizijaribu kwanza kwa sungura, kisha kwa macho yake mwenyewe, kisha kwa wagonjwa, na mwaka 1888 akachapisha maelezo yake. Katika mwaka huo huo Eugène Kalt wa Paris alikuwa akitumia lenzi za namna hiyo kwa wagonjwa wa keratokonasi, ugonjwa ambao konea hupungua unene na kuchongoka kwa mbele hata miwani isiweze kuirekebisha picha. Lenzi hizo zilikuwa kubwa, zikifunika pia sehemu nyeupe ya jicho, na hakuna aliyeweza kuzivumilia zaidi ya saa chache, kwa kuwa konea ilianza kupoteza uwazi wake na taa kuonekana zimezungukwa na duara za rangi. Fick aliuona ukungu huo na kuuandika. Ilichukua miongo mingi kuthibitika kwamba konea ilikuwa ikikosa hewa.

Katika miaka ya 1930 plastiki ilianza kuchukua nafasi ya kioo, na mwaka 1948 Kevin Tuohy wa California aliomba hataza ya lenzi ndogo ya plastiki inayofunika konea peke yake. Plastiki hiyo, ijulikanayo kwa jina la biashara la Perspex, haipitishi oksijeni hata kidogo. Wavaaji waliokolewa na udogo wa lenzi, kwa sababu kila walipopepesa, machozi mapya yaliingia chini yake. Aliyelala nayo hakuwa na kupepesa, na wengi waliojisahau waliamka usiku kwa maumivu makali.

Katika miaka hiyo hiyo habari kubwa ya macho katika eneo ambalo serikali ya kikoloni iliita Kavirondo Kusini, baadaye Nyanza Kusini, haikuwa lenzi bali nzi. Msitu wa Kodera, ulioko karibu na Oyugis katika kaunti ya leo ya Homa Bay, ulikuwa na upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo inayoenezwa na nzi mweusi aitwaye Simulium neavei, na ambayo vitoto vyake hufia ndani ya konea na sehemu nyingine za jicho na kuacha makovu. Mwaka 1946 P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walitia dawa ya DDT katika vijito vya Kodera kwa awamu, na matokeo waliyoyachapisha mwaka uliofuata yalionyesha kwamba nzi hao walikuwa wametoweka; mwaka 1950 McMahon na V. D. van Someren wakagundua kwamba mabuu wa nzi hao huishi juu ya migongo ya kaa wa mtoni, jambo lililoeleza kwa nini kwa miaka mingi hawakuwa wameonekana kwenye mawe na majani walikotafutwa. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kumwondoa mdudu anayeeneza maradhi hayo. Habari hii inastahili nafasi katika historia ya lenzi kwa sababu inaonyesha kwamba konea za watu wa Nyanza Kusini zilikuwa na mzigo wake kabla ya lenzi yoyote kufika, na kwamba ushindi mkubwa wa kwanza ulipatikana kwa kushughulikia maji, si kwa kuongeza kitu jichoni.

Lenzi laini zilitoka Czechoslovakia. Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Prague, walitengeneza haidrojeli, yaani plastiki inayofyonza maji na kulainika, na kuieleza katika jarida la Nature mwaka 1960. Mipango ya kuizalisha ilipokwama, Wichterle alikaa nyumbani kwake majira ya Krismasi ya 1961, akaunganisha vyuma vya mchezo wa watoto na dinamo ya baiskeli, akapata mashine ya kuzungusha kimiminiko hadi kigande kwa umbo la lenzi, na lenzi nne za kwanza zikatoka. Haki za uvumbuzi huo ziliuzwa Marekani, kampuni ya Bausch & Lomb ikazipata, na Machi 1971 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ikaziidhinisha. Kwa mara ya kwanza lenzi ilikuwa laini kiasi cha kusahaulika jichoni bila maumivu, na maji yaliyomo ndani yake yalipitisha oksijeni kiasi fulani, basi swali la kulala nayo likazuka mara moja.

Aliyelijibu kwa ujasiri alikuwa John de Carle wa London, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alibuni Permalens, lenzi ambayo zaidi ya sehemu mbili kwa tatu za uzito wake zilikuwa maji, kwa hoja kwamba kadiri maji yanavyozidi ndivyo oksijeni inavyopita. Ni muhimu kukumbuka lenzi hizo zilikusudiwa nani. Hazikubuniwa kwanza kwa vijana wasiotaka kuonekana na miwani, bali kwa wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao ni ugonjwa wa lenzi ya asili ya ndani ya jicho kuwa na ukungu. Upasuaji wa wakati huo uliitoa lenzi hiyo nzima na kuliacha jicho bila chombo chake cha kukusanya mwanga, na mzee mwenye vidole vinavyotetemeka na macho yasiyoona karibu hakuweza kuvaa na kuvua lenzi kila siku, kwa hiyo ilikuwa afadhali ivaliwe na mhudumu wa afya na ibaki humo kwa wiki au miezi.

Hapa ndipo historia ya maabara na historia ya ukanda wa ziwa zinapokutana kweli. Mtoto wa jicho ndio uliokuwa, na ndio ulio hadi leo, sababu kuu ya upofu nchini Kenya, na wazee wa Nyanza Kusini waliopasuliwa, iwe katika hospitali ya wilaya, katika hospitali ya Waadventista ya Kendu Bay au katika safari za matibabu, walirudi nyumbani na miwani mizito ya takriban dayopta kumi, dayopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi. Miwani hiyo ilikuza kila kitu kwa takriban robo, ikaufanya mlango uonekane karibu kuliko ulipo, ikaondoa uoni wa pembeni, na ikivunjika au kupotea mzee alirudi upofuni palepale. Hao ndio hasa watu ambao Permalens ilibuniwa kwa ajili yao, na hawakuipata. Kukosa huko kunaweza kuhesabiwa kama dhuluma ya umaskini, na kwa kiasi ni kweli. Lakini ukizingatia yaliyogunduliwa baadaye kuhusu vidonda vya konea, ni vigumu kusema kwamba lenzi ya kukaa miezi jichoni mwa mzee wa Nyatike au Mfangano, mbali na yeyote mwenye taa ya kumchunguza jicho, ingemletea heri kuliko madhara.

Jibu lao lilitoka kwingine. Harold Ridley, daktari wa London, alikuwa ameona wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwamba vipande vya Perspex vilivyoruka na kuingia ndani ya macho ya marubani havikusababisha uvimbe, na Novemba 1949 akapandikiza lenzi ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho katika Hospitali ya St Thomas'. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi, na hata wazo lake lilipokubalika bei iliizuia lenzi hiyo kufika Afrika, hadi mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilipoanza kuzitengeneza kwa sehemu ndogo ya bei ya Magharibi. Katika miaka iliyofuata lenzi ya kupandikizwa ikawa sehemu ya kawaida ya upasuaji nchini Kenya, ukifanywa na madaktari bingwa na pia na matabibu wa macho waliofunzwa mahususi kazi hiyo. Lenzi inayolala jichoni, kwa mzee wa Homa Bay, ilikuja kuwa ile inayolala ndani kabisa, mahali ambapo vumbi, maji ya ziwa na vidole havifiki.

Marekani, wakati huo, lenzi za uvaaji mfululizo zilikuwa zimechukua njia nyingine. Mwaka 1981 FDA iliziidhinisha kwa watu wenye macho mazima wanaohitaji tu kurekebishiwa uoni, kwa hadi siku 30 mfululizo, na mamilioni wakazinunua kwa sababu ya urahisi. Ndani ya miaka michache hospitali zilianza kupokea wagonjwa wenye vidonda vya konea, yaani sehemu ya konea iliyoliwa na vijidudu, mara nyingi bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye hustawi penye unyevu na anaweza kuitoboa konea kwa siku mbili tatu tu. Mwaka 1989 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili zilizomaliza ubishi. Utafiti wa Poggio na wenzake ulikuta wagonjwa 20.9 kwa kila wavaaji 10,000 wa lenzi laini za mfululizo kwa mwaka, ikilinganishwa na 4.1 kwa wavaaji wa lenzi laini za mchana. Ule wa Schein na wenzake ulionyesha kwamba kilicholeta hatari ni tendo la kulala na lenzi, liwe limeidhinishwa au la, na kwamba hatari iliongezeka kwa kila usiku uliofuata. FDA ikapunguza muda kutoka siku 30 hadi 7.

Mtu aliyeamini kwamba tatizo linatatulika alikuwa Brien Holden, mwanasayansi wa Sydney aliyeishi 1942 hadi 2015. Pamoja na George Mertz alichapisha mwaka 1984 vipimo vya kiasi cha oksijeni ambacho lenzi lazima ipitishe ili konea isivimbe usiku kuliko inavyovimba bila lenzi, na kiasi hicho kilikuwa mara kadhaa zaidi ya kile ambacho haidrojeli yoyote ya wakati huo iliweza kutoa. Jibu lilikuwa silikoni, ambayo hupitisha oksijeni kwa wepesi mkubwa lakini huyakataa maji, na ilichukua miaka kuiunganisha na haidrojeli bila lenzi kung'ang'ania konea. Mwaka 1999 lenzi mbili za silikoni-haidrojeli zilitoka, Focus Night & Day na PureVision, na Oktoba 2001 FDA ikarudisha idhini ya siku 30.

Oksijeni ilikuwa imepatikana. Macho hayakuwa tena mekundu asubuhi, mishipa ya damu haikupenya ndani ya konea, uvimbe uliisha, na kama kukosa hewa ndiko kulikokuwa chanzo cha vidonda, vidonda vingepungua. Havikupungua. Utafiti wa Australia ulioongozwa na Fiona Stapleton na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta wagonjwa 25.4 kwa kila wavaaji 10,000 waliolala na lenzi za silikoni-haidrojeli kwa mwaka, dhidi ya 1.9 kwa waliovaa lenzi laini mchana tu. Machozi yaliyotuama, vijidudu vinavyojishikiza kwenye plastiki, na jicho lililofungwa pamoja navyo usiku kucha vilitosha. Holden mwenyewe, jambo linalomheshimisha, hakuishia kwenye biashara ya lenzi; aliitumia fedha na sifa iliyotokana nayo kuhimiza miwani kwa watu maskini, na mwaka 2007 Durban iliandaa kongamano la dunia kuhusu kasoro za uoni zisizorekebishwa, wakati ambapo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 153 walikuwa wasioona vizuri kwa kukosa miwani ya kuona mbali peke yake.

Mwaka 2001, wakati mamlaka za Marekani zikijadili usiku 30, hospitali ya wilaya ya Homa Bay ilikuwa na mjadala mwingine. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwapo hapo tangu 1996, lilianza mwishoni mwa mwaka huo kutoa bure dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, miongoni mwa mara za kwanza kabisa kwa hospitali ya umma nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2018 bado ulikuta maambukizi ya VVU, yaani virusi vya UKIMWI, ya takriban asilimia 20 ya watu wazima Homa Bay na 13 Migori, viwango vilivyo juu sana ya wastani wa nchi. Virusi hivyo hubadilisha hesabu ya hatari kwa uso wa jicho. Nchini Tanzania, J. Mselle alieleza mwaka 1999 jinsi vidonda vya konea vinavyosababishwa na kuvu vilivyokuwa dalili ya maambukizi ya VVU kwa wagonjwa wengi, na saratani ya utando wa juu wa jicho, ambayo katika Ulaya ni ugonjwa wa wazee wachache, katika Afrika Mashariki imekuwa ugonjwa wa watu wa makamo, ikichochewa na jua kali pamoja na upungufu wa kinga.

Homa Bay ina nafasi ya heshima katika kuitafutia dawa saratani hiyo. Kati ya 2012 na 2014 Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliandikisha wagonjwa 98 katika vituo vinne vya macho nchini, Homa Bay kikiwa kimojawapo, na baada ya kuwaondolea uvimbe kwa upasuaji wakawapa nusu yao matone ya fluorourasili, dawa ya saratani ya bei nafuu, mara nne kwa siku kwa wiki nne, na nusu nyingine matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka, uvimbe ulikuwa umerudi kwa wagonjwa 5 kati ya 47 waliopata dawa na 17 kati ya 47 ambao hawakuipata. Yafaa kukazia tukio hili kwa sababu linapinga dhana kwamba hospitali za ukanda huu hupokea tu elimu iliyotengenezwa kwingine. Linaonyesha pia ni uso wa namna gani wa jicho ambao lenzi ingelalia: uso uliochomwa na jua la ikweta, wenye vumbi, na kwa watu wengi wenye kinga iliyopungua.

Maji ndiyo hatari inayofuata. Mwaka 2006 vidonda vya kuvu aina ya Fusarium vilizuka Singapore, Hong Kong na Marekani kwa wavaaji waliotumia dawa moja ya kusafishia lenzi, ReNu with MoistureLoc, na mwezi Mei kampuni ikaiondoa duniani kote. Mwaka uliofuata dawa nyingine iliondolewa kwa sababu ya Acanthamoeba, kiumbe cha chembe moja kinachoishi katika maziwa, visima, udongo na hata maji ya bomba, ambacho hujifunga ndani ya ganda gumu lisilouawa kwa urahisi na kuila konea kwa maumivu yanayozidi kile daktari anachokiona; matibabu yake ni matone ya kila saa mwanzoni, kisha ya miezi mingi. Kwa sababu hiyo wavaaji wote wa lenzi huonywa wasiguse lenzi kwa maji ya kawaida, wasioge wala kuogelea nazo. Onyo hilo ni jepesi kwa mtu wa mjini mwenye chupa ya dawa kando ya sinki, na ni zito kwa mvuvi wa omena wa Mbita au Muhuru Bay, ambaye usiku kucha hurushiwa maji ya ziwa usoni na mchana hulala. Kwa mtazamo wa kwanza huyo ndiye mtu ambaye lenzi isiyovuliwa ingemfaa, kwani miwani hulowa na kudondoka majini. Kwa kweli ndiye mwenye kila sababu ya kutoivaa.

Jambo la mwisho ni umbali. Simon Arunga na wenzake wa Mbarara, Uganda, walifuatilia wagonjwa 313 wa vidonda vya konea kati ya Desemba 2016 na Machi 2018, wakakuta kwamba walifika hospitali, kwa wastani wa kati, siku 17 baada ya jicho kuanza kuuma, na kwamba asilimia 60 walikuwa wameshatia dawa za kienyeji. Kuvu ndiyo iliyoongoza miongoni mwa vyanzo. Wagonjwa wa namna hiyo wanajulikana vizuri pia Awendo, kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha Sony, ambapo jani lenye ncha kali huweza kumkwaruza mkataji jicho, na Nyatike, ambapo wachimbaji wa dhahabu huvunja mawe bila miwani ya kinga. Matone ya natamaisini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya kuvu wa konea, yaliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 tu, na kupandikizwa konea mpya ni huduma ya kufuatwa mbali. Takwimu za wavaaji wa Australia na Marekani zilipatikana kwa watu wanaomwona daktari siku moja au mbili baada ya jicho kuwa jekundu. Kidonda kile kile kikingoja siku 17 ni ugonjwa mwingine.

Isidhaniwe kwamba lenzi hazina kazi katika kaunti hizi mbili. Keratokonasi, ambayo Kalt aliitibia Paris, ni ya kawaida Afrika Mashariki, hasa kwa watoto na vijana wanaougua mzio wa macho na kuyafikicha kwa miaka mingi. Zaheer Rashid na wenzake walieleza mwaka 2016 wagonjwa wa aina hiyo waliohudumiwa katika kliniki ya lenzi nchini Kenya, na kwa wengi wao lenzi ngumu inayopitisha hewa, ya kuvaliwa mchana na kuvuliwa usiku, ndiyo tofauti kati ya kusoma ubaoni na kuacha shule. Lenzi ya kulala nayo ina kazi moja isiyobishaniwa, nayo ni ya bendeji: huwekwa juu ya konea iliyochubuka au iliyopasuliwa ili ukope usiikwaruze, mgonjwa akipewa matone ya kuua bakteria na kuangaliwa tena baada ya siku chache. Wataalamu wa optometria, yaani elimu ya kupima na kurekebisha uoni, wanaofunzwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega wanaweza kuzisogeza huduma hizo karibu, iwapo kaunti zitawaajiri.

Kinachozidi kuonekana badala yake ni lenzi za rangi, zisizorekebisha uoni wowote, zinazouzwa na maduka ya vipodozi na kwenye mitandao kwa vijana wa harusi na sherehe, bila kipimo, bila maelekezo ya kusafisha, na mara nyingi zikiazimwa kutoka jicho moja hadi jingine. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2005 inayozihesabu lenzi zote, hata za urembo, kuwa vifaa vya tiba vinavyouzwa kwa cheti cha daktari. Anayelala na lenzi ya namna hiyo hupata hatari yote iliyosimuliwa hapa bila faida hata moja.

Kwa hali ilivyo sasa, lenzi za uvaaji mfululizo hazistahili kupendekezwa kwa matumizi ya kawaida Homa Bay wala Migori, na serikali za kaunti zingefanya vyema kununua miwani ya kusomea kwa wazee, miwani ya kinga kwa wakata miwa na wachimbaji, na natamaisini kwa hospitali zao za rufaa kabla ya kufikiria jingine lolote. Na anayezivaa tayari, siku jicho litakapouma, kuwa jekundu au kuukataa mwanga, aivue lenzi mara moja, asiitupe bali aiweke katika kikopo chake, asinunue matone dukani, hasa yenye steroidi ambayo huituliza dalili huku kidonda kikizidi kuchimba, na siku hiyo hiyo aende na lenzi na kikopo chake katika kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya kaunti.